Lundo Lenye Vimo Viwili

Fenna aliachishwa shule akiwa na miaka kumi na mitatu. Ng'ombe walihitaji mtu wa kuwakamua, na baba yake alisema hajaona ng'ombe anayeuliza cheti. Kaka yake Lubbert ndiye aliyesomeshwa. Lubbert akafeli mitihani mara mbili, akarudi nyumbani akarithi shamba lote. Fenna alipewa kibanda cha kibarua pembezoni mwa shamba, chenye paa la matete, akaambiwa ashukuru.

Kwa miaka ishirini na miwili sasa alikuwa akisafisha shule ya Hellerbroek. Mtu akifuta ubao mmoja miaka ishirini na miwili, akili yake haiwezi kukaa inatazama dirishani tu. Fenna alisoma kila kitu kabla ya kukifuta. Hesabu za mwalimu Wolbers alizijua kuliko wanafunzi, kwa sababu wanafunzi walimsikiliza na yeye alisoma tu.

Masika ile, kama kila mwaka, vijana wa Hellerbroek walikuwa wakirundika matawi kwa ajili ya moto wa Pasaka, unaowashwa usiku wa sikukuu. Kijiji jirani cha Oostervenne nacho kilirundika. Lundo refu zaidi ndilo linalomfanya mtu atembee kifua mbele hadi Pasaka nyingine. Lubbert, mwenyekiti wa kamati, alitoa shamba lake kwa ukarimu mkubwa. Lundo akaliweka mbali kabisa na zizi lake, mita mia moja na kumi kutoka kwenye paa la dada yake.

"Kaka, cheche zikiruka je?" Fenna alimuuliza.

"Zitaruka upande mwingine."

"Umeuagiza upepo?"

"Fenna, sheria ipo. Nyumba ikae mbali mara tano ya urefu wa lundo. Mwalimu atapima. Wewe umesomea nini?"

Jumatano kabla ya Pasaka mwalimu aliwatoa wanafunzi kwenda kufanya mazoezi ya tanjenti kwenye lundo. Jioni Fenna alikuta ubao umejaa. Kushoto palichorwa pembetatu: pembe ya nyuzi arobaini na tano, umbali hadi ukingo wa lundo mita kumi na nane, ongeza kimo cha macho, jumla kumi na tisa na nusu. Juu yake: *Kibali*. Kulia pembetatu ilikuwa ileile, ila umbali ulifika hadi katikati ya lundo: thelathini na tatu na nusu. Juu yake: *Oostervenne*.

Fenna alisimama na kitambaa chake kibichi. Akaona maana yake. Mbele ya zimamoto, wanaotoa kibali, lundo lingekuwa kibeti, na mbele ya majirani lingekuwa jitu. Paa lake ndilo lingejua kimo cha kweli.

Akafuta ubao, kama kawaida.

Alhamisi kamati ilikusanyika shambani, na Bwana Schuttert, mkuu wa zimamoto, alifika na kalamu kusaini kibali. Kahawa ilimiminwa, mkate wa zabibu kavu ukakatwa. Fenna ndiye aliyeukata, maana aliitwa kwa kazi hiyo.

"Kumi na nane hadi lundo, ongeza macho: kumi na tisa na nusu," alisema mwalimu Wolbers, bila kupepesa. "Mara tano haifiki mia. Nyumba iko mia na kumi."

"Mwalimu," Fenna alisema, kisu mkononi, "utepe wa kupimia uliufikisha wapi?"

"Kwenye lundo, mama."

"Kwenye ukingo. Yule jogoo wa chuma wa mnara wa kanisa, yuko juu ya mlango, au juu ya katikati ya mnara?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Lubbert akasema, "Rudi kwenye mkate, dada."

"Mwacheni aseme," alisema Schuttert.

Fenna alitoa mfukoni karatasi ngumu ya mraba, iliyookotwa kwenye pipa la shule na kukunjwa kona kwa kona. Akaishika machoni, ukingo wa chini ukiwa sawa na ardhi, akarudi nyuma hadi kilele kikakaa kwenye mkunjo, nyuzi arobaini na tano. "Hapa tanjenti ni moja," alisema. "Kimo juu ya macho yangu ni sawa na umbali hadi chini ya kilele. Hadi ukingo ni kumi na nane, mwalimu kasema mwenyewe. Sasa nihesabieni."

Akalizunguka lundo kwa hatua zake za mita moja: themanini na nane. Gawanya kwa tatu na ushei, kipenyo ni ishirini na nane. Nusu yake kumi na nne. Kumi na nane na kumi na nne, ongeza macho yake.

"Thelathini na tatu na nusu," Schuttert alisema polepole. "Mwalimu?"

Mwalimu Wolbers alikuwa akipangusa miwani. Ilikuwa safi.

"Huo ndio urefu mliowaandikia Oostervenne," Fenna alisema. "Ulikuwa upande wa kulia wa ubao."

Schuttert akafunga kalamu. "Mia moja na kumi gawanya kwa tano. Mita ishirini na mbili. Zilizobaki zishuke, la sivyo hakuna moto."

Lubbert alimsogelea dada yake, uso mwekundu kama nyanya. "Umeliaibisha shamba la baba!"

"La baba? Siku ya urithi ulisema ni lako."

Siku mbili walishusha matawi kwa winchi, huku watu wa Oostervenne wakipita kwa baiskeli, kengele zikilia bila sababu. Jumapili ya Pasaka usiku, moto ulipowashwa, Fenna alikaa mlangoni na ndoo sita za maji, maana sheria ni karatasi na matete ni matete. Upepo ulivuma kuelekea kwake. Asubuhi alifuata majivu kwa hatua, akakuta cheche ya mwisho ilikufa hatua kumi na mbili kabla ya ua wake. Akazihesabu tena. Kumi na mbili.

Jumanne ubaoni mwalimu Wolbers alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *Kumbukeni, umbali hupimwa hadi katikati.*

Fenna aliisoma mara moja, akachovya kitambaa, akaanza kufuta kutoka kulia.