Malkia wa Chemsha Bongo

Ikifika saa sita kamili mchana, mashine ya kusaga ikinguruma na unga ukiwa umemjaa kwenye nyusi, Otilia hakusikia la mteja wala la mwenye mashine. Hapo ndipo swali la siku lilipoingia kwenye kundi la Telegram la watu wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Lilikuwa chemsha bongo fupi: mistari minne mitano ya programu, na chini yake majibu manne. Programu hii inatoa nini? Wenzake wakikuna vichwa, Otilia, binti wa kijiji cha Mwazye aliyeishia kidato cha nne, alikuwa ameshabonyeza jibu na kurudi kwenye mizani.

Alianza kwa kubahatisha, kama wote. Akakosa, akasoma maelezo, akakosa tena. Baada ya mwaka na nusu hakuwa akikosa. Wiki tisa mfululizo jina lake lilikaa juu ya orodha, na watu wa Mwanza na Dar es Salaam, na digrii zao, wakawa wanamwita malkia. Mtu anayeitwa "wewe wa mashine" tangu asubuhi hadi jioni, siku akiitwa malkia lazima kichwa kivimbe. Cha Otilia kilivimba, na nani wa kumlaumu?

Jambo moja hakumwambia mtu. Programu yake mwenyewe hakuwahi kuandika hata moja. Alijaribu mara moja tu, kwenye simu, ikamjibu kwa mistari myekundu ya makosa. Akaona aibu, ingawa alikuwa peke yake chumbani. Akaifuta, akarudi kwenye maswali, kule alikokuwa malkia. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anasifiwa?

Mwezi wa tatu mama yake, Bertilla, akapiga simu kutoka Mwazye. Mguu umevimba, mvua zinakaribia kwisha, na ntumba hazijainuliwa. Hayo matuta ya mviringo, yanayofukia majani yaoze yawe mbolea, Wafipa huyainua mvua ikiwa bado ipo. Ukichelewa, mwaka ujao huna shamba. Ndugu zake Otilia wote walishaoa na kuolewa mbali.

"Kama huko mjini huna kazi ya maana, rudi, mwanangu," mama alisema.

Kumimina mahindi kwenye mashine haikuwa kazi ya maana, wote wawili walijua. Na Otilia alijua la pili: kwao mtandao hupatikana juu ya kilima tu, tena kwa kubembeleza. Kurudi ndio ungekuwa mwisho wa kujifunza.

Wiki hiyohiyo Meshack, msimamizi wa kundi, akamwandikia. Chama kimoja cha wakulima hapo Sumbawanga kinatafuta mtu wa kukitengenezea programu ya kuandikisha mahindi kinayopokea. "Nimewapa jina lako, dada. Usiniangushe."

Otilia akamwomba mama yake wiki moja.

Waliitwa watatu kujaribiwa ofisini kwa chama hicho. Mama Lydia, mkuu wa ofisi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliitikia shikamoo zao, akamkalisha kila mmoja mbele ya kompyuta.

"Andikeni programu ipokee uzito wa magunia matano, ionyeshe wastani. Nawapa saa nzima."

Kioo kilikuwa cheupe. Otilia akakikodolea macho, akisubiri majibu manne yajitokeze. Hayakujitokeza. Angeonyeshwa programu kumi za namna hiyo, angesema kila moja inatoa nini bila kupepesa. Lakini mstari wa kwanza unaanzaje? Akaandika neno, akalifuta. Kijasho kikamtoka katika baridi ile ya Sumbawanga. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nusu saa ikapita, kioo bado cheupe.

Kushoto kwake alikaa Isdori, kijana wa Chala, naye amekwama. Programu yake alikuwa ameiandika yote, lakini kila akiiendesha inagoma. Mama Lydia alipotoka kupokea simu, Isdori akamwinamia.

"Dada, samahani. Kwani hii inatoa nini?"

Otilia akatupa jicho mara moja tu. "Haitoi kitu. Huo uzito unaoupokea, kompyuta inauona ni maandishi, na huwezi kuyajumlisha na namba. Ugeuze kwanza uwe namba, hapo mstari wa tatu."

Jibu lilimtoka kabla hajafikiri. Mwaka na nusu alikuwa amejifunza hivyo: ukiulizwa, unajibu.

Isdori akarekebisha, na wastani ukatokea.

Mama Lydia aliporudi, alipita nyuma ya kila mmoja. Kwa Isdori alitabasamu. Kwa Otilia akasimama kitambo.

"Mwanangu, Meshack alisema wewe ndiye mkali wao. Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Umewahi kuandika programu?"

"Sijawahi. Mimi huwa najibu tu."

Mama Lydia hakucheka. Angecheka, ingekuwa afadhali. Akamgusa bega, akaenda kumpa Isdori mkono wa pongezi.

Isdori aliinamisha macho, hakusema nani aliyemwonyesha kosa. Otilia naye hakusema. Kuona kosa la mwenzako si kuandika, na hilo sasa alilijua vizuri mno, likamuuma kuliko kuikosa kazi yenyewe.

Alipiga simu akiwa nje ya geti, manyunyu yakimlowesha.

"Mama, sikupata."

"Pole, mwanangu. Usilie. Jembe lako nimeshalitia mpini mpya. Tangu siku ile ulipoomba wiki."