Mama wa Gando na Miguu ya Mumewe

Ijumaa iliyopita nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba yule mama wa Gando amefariki, na wameshamzika baada ya sala ya alasiri. Aliyenipigia hakuwa na mengi ya kusema: alikuwa mtu mzima sana, alilala kama kawaida yake, hakuamka. Nilisoma Fatiha, nikaketi, nikainuka, nikaketi tena. Mke wangu akaniuliza mbona naizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wasomaji wa safu hii hamumjui marehemu, wala sina ruhusa ya kumtaja jina, lakini nadhani mtanivumilia nikieleza kwa nini kifo cha bibi kikongwe, ambacho kwa umri wake hakishangazi, kimeninyima utulivu.

Nilimjua mwishoni mwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nilipokuwa dresa katika hospitali moja ya serikali kaskazini ya Pemba. Dresa ni yule aliyesafisha vidonda na kufunga bendeji, na kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha shule, nilikuwa pia mkalimani wa daktari wetu, mzungu ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mume wa mama huyu alikuwa kibarua wa barabara. Siku moja lori la mawe lilirudi nyuma likambana ukutani, likamvunja nyonga na paja. Tulimlaza, mguu ukafungiwa uzito kwa kamba, akakaa hivyo mpaka masika yakapita. Mifupa ikaunga. Lakini siku ya kuruhusiwa, miguu ilikuwa imekonda kama fito, na kila alipoinuliwa alianguka. Daktari alimpapasa nyonga, akaridhika, akaniambia nimweleze mkewe kwamba kazi imekwisha, mgonjwa aende nyumbani akapumzike.

"Apumzike na nini?" mama akauliza. "Siku zote hizi kalala. Mwambie mie nnataka aweze kwima."

Kwima, kwa Kipemba, ni kusimama. Nikatafsiri. Daktari akasema ni kweli, wapo madaktari wa viungo, ambao kazi yao ni kumrudisha mtu kwenye miguu yake kwa mazoezi, lakini katika kisiwa hiki hayupo hata mmoja. Unguja mjini yuko mmoja, naye ni wa binafsi, hapokei wagonjwa wa serikali.

"Lori lililomvunja mume wangu la nani?" mama akaniuliza mimi.

"La serikali," nikajibu, hata kabla ya kutafsiri.

"Basi serikali imnyanyue."

Mume alibebwa kwa kitanda cha kamba mpaka kijijini kwao Gando, na mkewe akaanza kuhangaika. Alikwenda kwa bwana mkubwa wa barabara, akaniomba nifuatane naye. Bwana yule hakuwa mkali. Alimpa kiti, akamweleza kwa upole kwamba kibarua hutibiwa bure katika hospitali ya serikali, na hospitali imeshamtibu. Tukarudi hospitalini, tukaambiwa yaliyobaki ni ya idara ya barabara. Mama akasimama uani, akapangusa jasho kwa ncha ya buibui lake. "Wamemgawana," akasema. "Huyu kachukua mfupa, yule kachukua kazi yake. Mtu mwenyewe kaachiwa nani?"

Haukupita muda akapanda meli ya Unguja peke yake, yeye ambaye hata Chake Chake alikuwa hajafika. Ya huko alinisimulia mwenyewe. Daktari wa viungo alimwambia mlangoni kwamba watu wa serikali hawapokei, maana serikali ina nenda-rudi nyingi. Mama hakubishana. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, akawa anakaa barazani na wagonjwa mpaka akawajua kwa majina. Mwishowe daktari akatoka. "Bi, nimeshakwambia mumeo simpokei."

"Usimpokee. Nipokee mie. Mie si wa serikali. Nifunze unavyowafanya, nende nikamfanye."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimweka chumbani, akamwonesha goti linavyokunjwa na kunyooshwa, na mtu anavyotembezwa katikati ya mabomba mawili ya chuma, akamsahihisha mikono yake mpaka ikamridhisha.

Nilipokwenda Gando kumjulia hali mgonjwa, nilikuta boriti mbili za mkoko zimelazwa sambamba juu ya nguzo uani, kimo cha kiuno, na mume amezishika huku akimtukana mkewe. Kahawa yake na kipande cha muhogo vilikuwa upande wa pili. Akitaka kula avifuate. Majirani walisema mwanamke kageuka askari, na siku ile shehe wa msikiti alikuwa amekuja kumnasihi. "Bi, mgonjwa ana haki yake."

"Haki yake ndiyo hiyo naidai, Shehe," akajibu, bila kuondoa macho kwenye magoti ya mumewe.

Msimu wa karafuu ulipofika, mume yule alikwenda msikitini kwa miguu yake, na bakora. Watu wakasema Mungu mkubwa. Ni kweli Mungu mkubwa, lakini usione vyaelea, vimeundwa.

Siku hizi tuna kadi za bima, na si neema ndogo. Lakini mwaka huu mdogo wangu alipata kiharusi, na mimi, kwa uzee huu, ninatafuta daktari wa viungo anayeipokea kadi yake. Inapopokewa kadi, mtaalamu wa mazoezi hayupo. Alipo mtaalamu, kadi haipiti. Kila ninayemuuliza ni mtu mwema, ananionesha mlango unaofuata kwa heshima zote, na hilo ndilo linalonikera, kwa sababu huna wa kugombana naye. Wakati huo mkono wa ndugu yangu unazidi kukakamaa, na nikilala naambiwa naota kwa sauti.

Nalazimika kueleza ilivyomalizikia, maana wengi hupenda hadithi hii iishie msikitini. Mume wa yule mama alirudi kazini. Muda si mrefu kabla ya uhuru alikwenda Makangale kutafuta kazi ya mbao msituni, akaoa huko mke mwengine, na Gando akawa anapita kama mgeni. Nilikutana na mama sokoni Wete, nikamuuliza, kwa ujinga wa ujana, kama hajuti kwa taabu yote ile.

"Hasira ninazo," akasema. "Usidhani sinazo. Lakini mie nilitaka aende kwa miguu yake. Kaenda."

Allah amrehemu. Nimeishi na jibu hilo miaka yote hii, na halijanipa raha. Sisi hupenda kumsaidia mgonjwa kwa hesabu ya atakachotufaa akipona: arudi kazini, alee wanawe, ashukuru. Yeye hakuiweka hesabu hiyo. Kumponya mtu ni kumrudishia uwezo wa kwenda atakako, hata kama atakako si kwetu. Na mwenye kutibu, awe serikali au awe nani, asiseme kazi imekwisha ilhali mtu bado yuko chini.