Kile Kipande cha Tumba

Mashine yangu ya kushonea iko kwenye baraza la duka la vitambaa, hapa Bariadi, si mbali na stendi. Maneno yote ya mtaa yanapita masikioni mwangu, niyatake nisiyatake. Nyuma yangu, mlangoni, anakaa mwenye duka, mtu wa Kondoa aliyeletwa huku na wazazi wake akiwa mdogo. Mbele yangu, chini ya ngazi, baba yangu mzazi anatengeneza baiskeli. Wazee hawa wawili ni marafiki tangu sijaolewa, na kazi yao kubwa, ukiacha ile inayowalisha, ni kubishana kuhusu bendi.

Bendi yenyewe ni kongwe, ya dansi, ya wakati ule watu wakivaa suruali pana na kunyoosha mashati kwa pasi ya mkaa. Siku hizi imebaki kama ukoo uliotawanyika. Mpiga solo alihama akaanzisha bendi yake, akaipa jina lilelile na kuongeza neno "Orijino" mwishoni. Mpiga saksafoni aliokoka, sasa anapuliza kanisani. Waimbaji wawili wametangulia mbele ya haki, na mpiga tumba, zile ngoma za mkono, pia. Waliobaki ni mwimbaji mmoja na mpiga besi, na huyo wa besi hakuna anayeikumbuka sura yake hata akipita hapa barazani na gitaa begani. Wengine wote ni vijana, na baba anawaita madeiwaka, kama wale madereva wanaoshikia gari la mwenzao kwa siku moja halafu kesho huwaoni.

Mwenye duka anasema bendi ni jina. Watu huja, watu huondoka, jina linabaki. Siku moja alitoa mfano wa duka lake: lilianzishwa na marehemu baba yake, vitambaa vimebadilika, rafu zimebadilika, hata milango si ile. Je, hili ni duka jingine?

"Baba yako alikuwa akipima kitambaa anaongeza kidole," baba akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye spoku za gurudumu. "Hili ni duka jingine."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Mwenye duka hakusema na baba mpaka chai ya saa nne.

Lakini ubishi uliotutesa kweli ni wa kile kipande. Baba alizaliwa Bukundi, Meatu, kwenye ng'ombe. Alipokuwa kijana alisindikiza ng'ombe wa mjomba wake hadi Mwanza, na walipokwisha kuuzwa mjomba akampeleka kwenye ukumbi wa dansi. Alikuwa hajawahi kuingia kwenye ukumbi wowote. Mlangoni wakamwambia aache fimbo yake nje, jambo ambalo mpaka leo anaona lilikuwa la kumvunjia heshima. Basi, bendi hiyohiyo ikapiga wimbo wake maarufu, ule wa mume anayembembeleza mama mkwe amrudishie mkewe. Baba anasema katikati ya wimbo magitaa yote yalinyamaza, saksafoni nayo, ikabaki tumba peke yake, na mwimbaji, huyuhuyu aliyebaki, akaimba juu ya tumba bila kipaza sauti, taratibu, kama anamwimbia mtu mmoja. Baba hajapata kusikia kitu kizuri kuliko hicho. Ndiyo maana aliacha kuchunga ng'ombe, anasema, akaja kuishi mjini.

Tatizo ni kwamba kipande hicho hakipo. Redioni hakipo. Kwenye kanda ya mwenye duka hakipo. Vijana wa bodaboda walikitafuta kwenye simu zao, wakaupata wimbo kwa namna kadhaa, umepigwa huku na kule, na hakuna hata moja ambapo magitaa yananyamaza. Baba akawaambia hiyo ni mashine, ile ilikuwa laivu, na laivu haiwekwi kwenye simu. Wakacheka. Na kwa sababu huku kwetu utani ukishapata njia hauzibwi, neno "kipande" likawa jina la uongo. Mteja akidai kaona kitenge hikihiki kwa nusu ya bei, mwenye duka anamwambia, "Mama, hicho ni kipande." Fundi mwenzangu akisema nguo itakuwa tayari kesho, watu wanauliza kama ni kesho au ni kipande.

Baba alikuwa akicheka pamoja nao. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa namjua baba: hana mali, hana cheo, alichonacho ni kwamba akisema jambo, basi liko hivyo. Siku mwanangu mdogo alipomwambia, "Babu, hicho ni kipande," kwa sababu tu babu alisema kaona chatu porini, niliona uso wake ulivyobadilika, nikaumia. Nikamchapa mtoto kofi, na mtoto hakuwa na kosa. Mama yangu ndiye aliyekuwa akisema maneno mabaya zaidi, kwamba labda siku ile Mwanza mjomba alimnunulia pombe.

Kisha likapita gari la matangazo. Bendi inakuja, bonanza la Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa baa moja upande wa pili wa mji. Baba aliposikia aliiacha baiskeli ya watu ikiwa haina tairi, akapanda ngazi hadi pale alipo rafiki yake.

"Jumapili utakisikia kwa masikio yako," akamwambia. "Nisipokuonyesha, niiteni Kipande mpaka nizikwe."

Nilitamani asingesema hilo la kuzikwa.

Jumapili tulikwenda wote: baba na kaunda suti niliyomshonea mwenyewe, mama, mimi, mwenye duka na soda yake, na nusu ya watu wa barazani. Bendi ilichelewa. Ikasemekana walisimama Lamadi kula samaki, na hakuna aliyewalaumu kwa hilo. Walipofika, ubishi ulianza upya kabla hata nyaya hazijaunganishwa. Mwenye duka alihesabu vijana akasema bendi imenawiri. Baba alimtazama mpiga tumba, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, akasema deiwaka. Yule mwimbaji wa zamani alikuwa amezeeka sana, anapanda jukwaani kwa kushikwa mkono. Lakini akifungua mdomo unasahau.

Wakapiga, watu wakacheza. Ulipofika wimbo wa mama mkwe, meza yetu yote ikatulia. Baba aliinama mbele na viganja magotini. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, sebene, wakamaliza. Magitaa hayakunyamaza hata kidogo. Mwenye duka akanywa soda yake, akaitua mezani, akasema neno moja tu: kipande. Meza ikavunjika mbavu. Baba naye alijaribu kucheka, lakini mdomo ulikataa.

Wakati wa mapumziko yule mwimbaji alipita akisalimia meza kwa meza. Alipofika kwetu baba alisimama, akamwamkia kwa Kisukuma kama anavyomwamkia kila mtu, awe anakijua au hakijui. Kisha akamuuliza, kwa heshima, kwa nini wamekitoa kile kipande cha tumba. Ikabidi aeleze yote tangu mwanzo: Mwanza, ukumbi, ng'ombe, fimbo, magitaa yaliyonyamaza. Nilitazama chini. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka polepole.

"Mzee wangu," akasema, "ule umeme ulikatika."

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Akaeleza kwamba jenereta la ukumbi ule lilikuwa bovu, siku ile likazima katikati ya wimbo. Marehemu wa tumba hakutaka watu wakae chini, akaendelea kupiga, naye akaimba hivyohivyo mpaka fundi alipoliwasha. Ilikuwa mara moja tu. Akamuuliza baba kama hakuona taa zimezimika.

"Niliona," baba akasema. "Kwetu hakukuwa na taa. Nilidhani ndivyo dansi linavyochezwa."

Kicheko kama cha hapo sijawahi kukisikia tena. Watu wa meza za jirani walisimuliwa, nao wakasimulia wengine. Mama alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Baba alikaa, akiwa si muongo tena, lakini nadhani aliona afadhali aendelee kuitwa muongo. Kitu alichokibeba miaka yote, kilichomtoa kwenye ng'ombe na kumleta hapa mjini, kilikuwa ubovu wa jenereta. Mwenye duka ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alimtazama rafiki yake kwa muda, akainuka, nikadhani anakwenda msalani.

Bendi iliporudi, mwimbaji alitangaza kwamba kuna mzee kaomba wimbo wa mama mkwe urudiwe, na akaonyesha kidole kwenye kiti cha mwenye duka kilichokuwa kitupu. Wakaanza. Ubeti wa kwanza, kiitikio. Walipoingia ubeti wa pili, pu, magitaa yakafa. Kinanda kikafa. Feni za juu zikaanza kuzunguka kwa uvivu. Kijana wa gitaa akapiga teke waya wake. Yule deiwaka wa kofia aligeuka huku na huku, hajui afanye nini, lakini mikono yake haikusimama, na mwimbaji akamfanyia ishara kwamba aendelee hivyohivyo.

Akaimba bila kipaza sauti. Sauti ilikuwa nyembamba, imechakaa, na kwa sababu hiyo ukumbi mzima ulinyamaza ili uipate. Hata wahudumu walisimama na sinia zao. Mama aliweka mkono juu ya goti la baba. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Nikageuka kumtafuta mwenye duka. Alikuwa amesimama ukutani karibu na kaunta, mkono wake juu ya swichi kubwa, na meneja wa baa pembeni yake akinung'unika. Hakumjali meneja. Alikuwa anamtazama baba tu, anangoja aambiwe awashe.

Baba akamwona. Akatikisa kichwa: bado.