Mikono Si Marejeo

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile nilikuwa nazo tangu asubuhi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu walikuwa wameniletea ripoti za utafiti zilizopikwa na akili mnemba, zote zinafanana kama sare za shule. Nikaapa kwamba atakayefuata nitamkomesha.

Akafuata binti mmoja, mtoto wa wakulima wa korosho kule Ruvuma, watu ambao babu zao walivuka kutoka Msumbiji. Kiswahili chake kilijaa Kimakonde, lakini Kiingereza cha ripoti yake kilikuwa kimenyooka. Nikaitia kwenye programu ya kukagua. Ikasema kazi hii imeandikwa na mashine. Sikutaka kujua zaidi.

Nikamsimamisha mbele ya wenzake. "Kiswahili chenyewe kinakupiga chenga. Kiingereza hiki umekitoa wapi?"

Darasa likacheka. Nami nikafurahi, sifichi.

"Nimeandika mwenyewe, mwalimu. Nimerudia mara nyingi."

Akatoa madaftari yake. Alikuwa amewahoji wanawake wanaobangua korosho majumbani. Kule ukitaka mazungumzo unashika kazi, hakuna anayeongea na mtu aliyekaa bure. Wao hujipaka jivu mikononi ili mafuta ya maganda yasiwaunguze. Yeye hakujipaka, maana jivu lingechafua daftari. Akaninyooshea vidole. Vilikuwa vyeusi, ngozi imebabuka mpaka kwenye kucha.

"Mikono si marejeo," nikamwambia. Madaftari sikuyafungua.

Nikamripoti kwa uongozi, akafukuzwa chuo. Barua ya kumfukuza niliambiwa niiandae mimi. Nilikuwa nimechoka, nikaiagiza akili mnemba iandike, nikatia sahihi. Hata kuisoma vizuri sikuisoma.

Miezi ikapita. Nikamkuta yule binti mtaa wa Chuno, kando ya barabara, anauza korosho. Nilitamani kugeuza njia, lakini alishaniona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nifungie kidogo."

Akachana karatasi kutoka kwenye daftari, akaikunja. Niliujua ule mwandiko, nilishausahihisha kwenye mitihani. Yalikuwa mahojiano yake, swali na jibu, tarehe pembeni, na alama za vidole vyenye mafuta. Kila nilichokataa kukitazama kilikuwa kimeandikwa pale.

"Ile barua yako nimewasomea nyumbani," akasema. "Mama alilia, lakini akasema mwalimu wako ana maneno mazuri. Uliiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikajibu.

Akatikisa kichwa kukubali, akachota kiganja kingine cha korosho, akanitilia nyongeza.