Sauti ya Mzee Njoroge Ilikatikia Ngoliba

Nichekeni tu, nimeshazoea, lakini mpaka leo nikiambiwa kuna mazishi upande wa Ngoliba natafuta kisingizio, maana aibu niliyopata huko sijawahi kuinawa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikiisha, nina studio ndogo ya kurekodi pale Makongeni, na najiona mjuaji sana (wuui, kujua nusu ni kubaya). Mzee Njoroge, mgonjwa tayari, akaja kurekodi maneno ya kuwekwa kwa spika siku ya kuzikwa kwake. Nikawasha mashine, akanitoa nje: "Haya si yako, ni ya mtoto wangu Mwaura." Hao wawili walikuwa hawajasemezana miaka mingi.

Baadaye nikapata kazi ya harusi huko Kimbo, na kompyuta imejaa. Ilikuwa na diski mbili, nikajiambia, ah, hii ya pili si ni kopi ya ile ya kwanza? Nikaifuta, nikaweka harusi, hata sikuuliza mtu. Kumbe hiyo mashine diski ya kwanza ikijaa inaendelea kwa ya pili, yaani faili ni moja lakini mwanzo uko huku na mwisho uko kule!

Mzee akafa. Nikabeba kompyuta, spika na jenereta mpaka Ngoliba, nimevaa na tai. Mwaura amesimama kando ya jeneza. Nikabonyeza, sauti ya mzee ikatoka, wamama wakaanza kulia.

"Mwaura, tulikosana, na watu wote wanasema wewe ndiye ulikosa. Lakini ukweli ni kwamba..."

Halafu ngemi, vile vigelegele vya harusi. Bibi harusi wa Kimbo anaingia! Mashine imeenda diski ya pili vile imezoea, ikakuta wamama wanaimba na mtu anaitisha keki, nami nabonyeza kila kitu jasho likinitoka, pasta ananitolea macho, mzee mmoja anapiga kelele, "Zima hiyo takataka!" Nikang'oa waya.

Mwaura akanijia polepole (nilidhani atanipiga, na heri angenipiga).

"Ukweli ni kwamba nini?"

"Sijui, ndugu yangu. Alinitoa nje."

"Hata kidogo hukuskia?"

"Hata kidogo."

Siku hizi sifuti kitu ya mtu kabla sijaisikiza mpaka mwisho, naapa. Lakini Mwaura bado tukikutana Thika ananiuliza kama kuna mahali ile sauti imebaki, na mimi, Mungu anisamehe, namwambia bado natafuta.