Mfuko wa Tangawizi Tuliouacha Taveta

Mama alininyang'anya simu kabla hatujafika mpakani. Hakuiomba. Alinyoosha mkono tu, kama alivyokuwa akininyang'anya kisu nilipokuwa mtoto, akaifutika kifuani ndani ya kanga. "Usije ukampigia mwenzako kwamba tunakuja," alisema. Nilikuwa mtu mzima, nauguza watu wazima wenzangu hospitalini mjini Same, na bado niliitoa. Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto.

Mwenzangu huyo alikuwa mwanamume wa Taveta, ng'ambo ya Ziwa Jipe, fundi wa friji niliyekutana naye Moshi. Alitaka kunioa, na mimi nilitaka kuolewa naye kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mama hakuwa na neno naye. Shida yake ilikuwa ukoo. Kwetu milimani, Upare ya kusini, binti hatolewi mpaka ukoo wa huko aendako uchunguzwe: kama wana wizi, kama wana maradhi wanayoyaficha, kama wanaume wao wanapiga. Mambo hayo huulizwa kimyakimya kanisani, kisimani, msibani. "Sasa huko Kenya nitamuuliza nani?" mama alikuwa akisema kila nilipogusia. "Sina hata msiba mmoja kule."

Kisha siku moja nikaropoka kwamba mama yake huyo bwana anauza maharage sokoni Taveta, karibu na wauza nyanya.  Jioni mama alikuwa ameshapanga. Tutakwenda siku ya gulio kama wanunuzi wengine, na hakuna atakayejua sisi ni nani. "Akinipendeza, waje wabishe hodi. Asiponipendeza, jina la huyo kijana lisitajwe tena nyumbani kwangu." Watu hututania Wapare kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mama yangu angeuza na zizi. Nilijua akishatoa hukumu pale sokoni hakuna mchungaji wala mjomba atakayeitengua.

Hodi yenyewe kwetu haina maneno mengi. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Siku hizi, kwa sisi Walutheri, ni sukari na majani ya chai vilivyofungwa pamoja ndani ya kanga mpya. Upande wa mwanamume ndio unaoleta, na ole wa upande wa binti utakaotangulia kupeleka chochote. Utachekwa mpaka wajukuu. Mama wa binti akipokea ule mzigo na kubandika chai, neno limekubaliwa. Akikataa, kanga inarudi na fundo lake.

Tulivuka mpaka wa Holili asubuhi tukiwa na mfuko wa tangawizi ya shambani kwetu. Nilidhani mama anakwenda kuiuza. Aliufunga mdomo wa mfuko kwa uzi wa katani, fundo alilofundishwa na babu la kufungia mbuzi. Nilipouliza fundo la nini kwa tangawizi, akaniambia nitazame mbele.

Mama mkwe wangu, kama angekuwa mkwe, nilimtambua kabla hatujamfikia. Nilikuwa nimeiona picha yake kwenye simu: mama mfupi, kilemba cheupe, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mafungu ya maharage.  Mama alikuwa amenikataza kumsemesha, lakini mtu aliyelelewa kwetu hawezi kusimama mbele ya mtu mzima akamtazama kama nguzo. Likanitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaniangalia usoni, kidogo tu kupita kiasi, kisha akamgeukia mama. "Karibu mama. Hii ya njano inaiva mbio, haimalizi kuni. Nikupimie gorogoro ngapi?"

Gorogoro ni kopo lao la kupimia. Kwetu tungesema kisado. Mama akalichukua, akaligeuza, akalichungulia kitako kama hakijabonyezwa kwa ndani. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama hakukasirika. Alipima, akarundika mpaka maharage yakaanza kumwagika, kisha akaongeza konzi juu yake.

Mama akaanza kunisemesha kwa Kipare, kwa sauti ile ile ya nyumbani. "Mwangalie kucha, safi. Lakini anaongeza sana. Mtu anayeongeza hivi mbele ya mgeni, nyumbani kwake watu wanalala njaa." Nikamwambia mama, tafadhali. "Na kijana kama amerithi masikio haya, naona huruma kwa wajukuu." Yule mama alikuwa anafunga maharage yetu, kichwa chini.

Kisha mama akauweka ule mfuko wa tangawizi miguuni pake. "Naomba unishikie huu, mama, tuzunguke kidogo."

"Haina shida. Wacha hapo."

Tulipofika kwenye nguo za mitumba ndipo nilipoambiwa. Tutazunguka, turudi, tulitazame fundo. Mkono wa mtu ukikaa karibu na mzigo usio wake, mama alisema, ndipo ukoo unapoonekana. Nilimwambia huo ni mtego wa panya, si uchunguzi wa ukoo. Nilimwambia pia maneno mengine ambayo sikuyasema kwa adabu. Alikuwa akinyanyua blauzi moja baada ya nyingine, akizitazama pindo. Nilisimama pale nikimwomba Mungu amlinde mwanamke nisiyemjua asiguse uzi wa katani.

Tuliporudi, mfuko ulikuwa pale pale tulipouacha. Mama aliunyanyua, uzito karibu ule ule, kidole gumba kikapita juu ya fundo, na nikaona mdomo wake ukijikaza. Nikajua yameisha. Alishukuru kwa heshima zote, tukageuka kuondoka. Ndipo nyuma yetu yule mama akatutakia safari njema. Kwa Kipare. Kipare safi, cha mtu aliyelelewa nacho.

Mama hakugeuka. Alitembea mpaka tukawapita wauza nyanya, shingo imekakamaa.

"Alisikia yote," nilisema. Nilitaka kucheka na kulia.

"Kusikia si kosa. Fundo si langu. Amefungua."

"Basi tufungue tuone amechukua nini!"

"Nipekue mzigo sokoni kwa watu? Ugenini hatuanzishi kesi." Akanitazama usoni. "Nilimwambia anishikie. Sikumwambia anifungulie. Mwanangu, hilo limekwisha."

 Nilimchukia mama yangu siku ile, nasema kama ilivyokuwa. Njia nzima hadi mpakani nilipanga kichwani maneno ya kumwambia mwenzangu, na kila nilipofika kwenye neno fundo nilikwama. Nani angemwelewa mwanamke anayekataa ndoa kwa sababu ya uzi wa katani?

Holili, upande wetu, afisa wa forodha alituita pembeni. "Shikamoo mama. Mfuko huu una nini?"

"Marahaba. Tangawizi ya shambani kwangu. Nilipita nayo asubuhi."

"Tufungulie tuione."

Mama alilifungua lile fundo taratibu. Hapakuwa na tangawizi. Palikuwa na kanga mpya, bado ina gundi ya dukani, imefungwa kwa ncha zake nne. Afisa akaifungua mwenyewe. Sukari. Majani ya chai.

"Mama, umesema tangawizi," afisa alisema, na sauti haikuwa tena ya shikamoo. Sukari inayovuka mpaka wana macho nayo. "Hii sukari umeinunua wapi?"

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilimwona akilipanga jambo lote upya: binti yake ameamkia, ametambuliwa, pengine kwa picha, kisha mgeni kutoka milimani ameacha mfuko wa mazao ya shamba miguuni pa mama wa kijana. Upande wa binti umetangulia kupeleka! Na yule mama, badala ya kucheka, ameipokea tangawizi, ameondoka kati ya maharage yake akaenda kununua kanga, sukari na chai, ili hodi itoke upande unaostahili. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Angeweza kusema hajui mzigo huo, uchukuliwe, na mimi ningebaki mikono mitupu. Afisa alikuwa anangoja. 

"Sikununua," mama alisema.

"Sasa umeitoa wapi?"

Alikunja ile kanga, ncha kwa ncha, akaifunga tena. Safari hii alitumia fundo la babu.

"Nimepewa na mkwe wangu."

Afisa alitutazama, akaupima mzigo kwa mkono mmoja, akatuambia tupite. Nje, kwenye jua, mama aliingiza mkono kifuani akatoa simu yangu, ina joto lake.

"Mpigie huyo mwenzako," alisema bila kunitazama. "Mwambie amwambie mama yake, nikifika nyumbani nabandika chai."