Nta Kwenye Sanduku la Ripita

Harufu ya karanga zilizolowa mvua hunirudisha Bukene kwa bibi mzaa mama, mwaka ule mbuzi wake alipoingia behewa la mizigo akaenda zake Mwanza bila tiketi. Tulicheka mpaka jioni. Bibi hakucheka, alikuwa amekaa juu ya kinu akipaka nta ndani ya mzinga mpya wa gome. Nikamwuliza anaipaka ya nini. Akanijibu kwa Kinyamwezi kwamba nyuki hahamii nyumba isiyo na harufu ya kwao. Mbuzi hakupatikana, neno likabaki. Heri lingepotea neno, akabaki mbuzi.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mtendeni, pale Tabora, fundi redio, mtoto wa mjini hasa, mwenye kanzu ya kupigwa pasi hata akienda porini. Yeye na wenzake watano walikuwa na chama cha redio, si zile za kusikiliza taarifa ya habari, bali za kuzungumza. Sauti ya Tabora peke yake haikufika Nzega. Ilichoka njiani kama wapagazi wa zamani. Basi wakaweka mtambo kilimani, wakauita ripita. Uliidaka sauti iliyochoka, ukaipa nguvu, ukaitupa mbele. Lakini ripita ilikula betri, na hapakuwa na wa kuwapa betri. Wakatundika mizinga kwenye miyombo ya kilima kilekile. Asali ikauzwa, betri ikapatikana. Asiyepanda kurina hakuruhusiwa kuzungumza, ndiyo ilikuwa ada yao. Mizinga waliinunua tayari imeandaliwa. Wao walijua kurina tu.

Masika yale maji yakaanza kuingia kwenye sanduku la mtambo. Funguo alikabidhiwa baba, na jina la ufundi ndilo lilikuwa shamba lake; hakuwa na jingine. Akaamua kuziba nyufa zote kwa nta, akaacha tundu la waya tu. "Nta haipitishi maji," akasema, na alikuwa amefurahi siku hiyo. Mimi ndiye niliyekoroga sufuria. Nilimkumbuka bibi, naam, nilimkumbuka vizuri sana. Ila wiki moja nyuma nilitaja dawa yake ya kikohozi, baba akanikata mbele ya wageni: "Mambo ya porini ya bibi yako yaache hukohuko Bukene." Basi nikakoroga. Watu husema mtoto hunyamaza kwa adabu. Mimi nilinyamaza kwa hasira.

Mvua zilipokatika, ripita ikanyamaza. Tukapanda, baba, mimi na wanachama wote. Baba akafungua sanduku, na ndani masega yalining'inia kwenye nyaya kama nguo kwenye kamba. Mzee Salum, fundi cherehani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hongera, fundi! Mizinga yetu mitupu, wako umefurika!"

"Waulize hao nyuki, bwana," akadakia mwingine, "huenda wao wanaipata Nzega."

Baba akaingiza mikono sandukuni. Alitoa masega kwa mikono mitupu, bila moshi, nyuki wakimchoma mpaka vidole vikakataa kukunjika. Asali ilikuwa imeingia mpaka kwenye moyo wa mtambo. Fuata nyuki ule asali, wahenga walisema, sisi tulifuatwa.

Leo kilima kile kina minara ya simu, na uzio, na mlinzi anayefukuza hata mbuzi. Mjukuu wangu anaongea na Nzega amelala chali, wala hajui kwamba sauti huchoka. Simu ninayo pia. Naichaji, naitazama, naiweka. Siku hizi hakuna anayerina chochote ndipo azungumze, labda ndiyo maana maneno yamekuwa mengi hivi. Nami nimechoka kuyasikiliza. Nilikuwa wapi? Kilimani.

Baba alisimama mikono imevimba, akauliza kama anauliza miti: "Ina maana hakuna mtu aliyejua jambo hili?"

"Bibi anajua," nikasema. "Na mimi nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu tunakoroga."

Mzee Salum akaacha kucheka. Baba akafuta asali kwenye kanzu yake nyeupe, akaniwekea funguo kiganjani, akaanza kushuka. Nyumbani alikuja, akala, na miaka mingi tuliishi naye. Kilimani hakurudi tena.